Utauza Kakao ya Mzee Ili Urekodi?

Leo vuta kiti ukae, maana nina kisa cha kutoka Kyela ambacho kimenikosesha usingizi.

Jumamosi moja nilikuwa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, najipigia upepo wangu. Akanijia mshikaji wangu mmoja mwenye bendi ya watu wanne: magitaa mawili, besi na dramu. Wanapiga rock. Ndiyo, rock, hukohuko Kyela kwenye mchele na kakao! Wapo wanaosema vijana hao wamechanganyikiwa, lakini jamaa wakishawasha spika zao hata wazee wanachungulia.

"Kaka," akaniambia, "tumechoka kungoja mfadhili. Mzee amenipa kakao yake ya msimu huu niisimamie. Nauza mzigo wote, tunapanda Mbeya kurekodi albamu. Ikitoka tu, mshiko unarudi mara tatu. Namrudishia mzee kabla hajashtuka."

Lo! Nikaishiwa maneno. Halafu nikamwambia, kaa hapa mchangani nikupe stori ya wenzako wa Kitwe.

Kitwe si mbali kihivyo. Ukitoka Kyela unapanda Tukuyu mpaka Mbeya, unafuata reli ya TAZARA hadi Kapiri Mposhi, na ukifika hapo umeshakaribia Mkoa wa Shaba wa Zambia. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijana walikuwa wamepagawa na magitaa ya umeme. Muziki wao leo unaitwa Zamrock. Bendi iliyotia fora ni WITCH, na mwimbaji wao alikuwa Emanyeo Chanda, maarufu kama Jagari. Jina hilo alilitohoa kwa Mick Jagger wa Rolling Stones, akalipa ladha ya Kiafrika.

Mwaka 1973 jamaa hao walitoa albamu yao ya kwanza, Introduction. Hawakubebwa na kampuni yoyote kubwa. Waliitoa wenyewe, na santuri zikauzwa kwenye maonyesho yao. Inatajwa kuwa miongoni mwa albamu za mwanzo kabisa kutolewa na bendi ya Zambia. Mwaka uliofuata wakatoa ya pili, In the Past, kwa mtindo uleule.

Wakati huo hapa kwetu mambo yalikuwa mengine. Bendi nyingi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na tepu zikabaki redioni. Kiwanda cha santuri hatukuwa nacho, kazi hiyo ilifanyika Nairobi. Hata The Sunburst, vijana wa Dar waliochanganya rock na midundo ya Kiafrika, albamu yao ya Ave Africa ya mwaka 1976 ilitokea Zambia.

Mshikaji akachangamka. "Si unaona kaka! Walijitegemea wakatoboa!"

Nikamwambia, ngoja, sijamaliza.

Walitoboa kwa jina. Kwenye maonyesho yao watu walikuwa hawapenyi. Lakini utajiri hakuna. Katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba ikaporomoka, na mifuko ya mashabiki nayo ikatoboka. Vita vya Rhodesia vikaleta amri za kutotembea usiku, na bendi isiyopiga usiku inakula nini? Baadaye kanda bandia zikamaliza kazi, halafu UKIMWI ukaondoka na wengi wa kizazi kile. Jagari aliwahi kufundisha muziki, kisha akaingia porini kuchimba vito. Staa mzima, na sururu mkononi!

Zikapita kama miaka 40. Ndipo kampuni ya Now-Again ya Marekani ikazikusanya albamu zao na kuzitoa upya mwaka 2012. Mwaka 2019 ikatoka filamu kuhusu bendi hiyo. Mwaka 2023 Jagari, babu wa zaidi ya miaka 70, akatoka na albamu mpya, Zango, akiwa na kikosi kipya. Wenzake wengi wa mwanzo hawakuwepo kuishuhudia siku hiyo.

Hapo mshikaji akanyamaza. Nikamuuliza, je, mzee wako anaweza kuisubiri pesa ya kakao miaka 40?

Msomaji wangu, sisemi watu wasirekodi. Kama WITCH wangekaa kungoja mfadhili, leo hakuna ambaye angejua kwamba Kitwe palipigwa rock namna ile. Ninachosema ni kwamba ukilipia studio hununui utajiri, unanunua kazi yenye jina lako. Itoe kwenye pesa ambayo hata ikipotea, nyumbani watakula.

Nikamwonyesha mnada wa vyungu wa Lyulilo, hapo jirani. Akina mama wa Kikisi wanafinyanga, wanachoma, wanapakia mitumbwini na kuvuka ziwa kuja kuuza. Wanajua kuna vyungu vitapasuka njiani. Lakini hukuti mama ameuza mtumbwi ili anunue udongo.

Tukakaa tukapiga hesabu. Kwanza bendi ipige Kyela mjini, Ipinda na Kasumulu, na viingilio viwekwe kwenye mfuko mmoja. Pili, warekodi nyimbo mbili tu, na wafanye mazoezi mpaka waweze kuzipiga hata gizani, maana studio inahesabu saa. Tatu, waandikiane mapema nani katunga nini na nani katoa shilingi ngapi, wasije wakatoana macho. Nne, wasitoke studio bila nakala halisi ya kazi yao, kisha waisajili COSOTA.

Na la tano? Aende kwa mzee, amwombe kwa mdomo wake.

Wiki iliyofuata akanipigia simu. Mzee alifoka weee, kisha akatoa gunia moja. Moja tu! Akasema akisikia wimbo wenyewe ndipo atafikiria la pili.

"Ndaga fijo, kaka," jamaa akasema. Nyuma yake nilisikia dramu zikigongwa.

Haya, tukutane wiki ijayo.