Mlango wa gari unafungwa kwa simu, mtoto yuko wapi?

Mzazi aliyekwama kwenye foleni huku mtoto wake amesimama nje ya nyumba na begi mgongoni hahitaji kushawishiwa sana kuhusu mlango unaofunguka kwa simu. Siku hizi wapo mafundi, na hata vijana wa sekondari wanaopenda vifaa vya umeme, wanaoweza kuufanyia kazi hiyo mwishoni mwa wiki. Wanachotumia ni kibao kidogo chenye chipu ya ESP8266 au ndugu yake ESP32, zinazotoka kampuni ya Espressif ya Shanghai, China. Bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya mota yenyewe.

Mlango unaozungumzwa hapa ni wa banda la gari nyumbani, ule unaopandishwa na kushushwa na mota, ingawa mengi yanahusu pia geti la umeme linalotembea kwenye reli.

Utaratibu ni mwepesi. Mota nyingi zina nyaya mbili zinazokwenda kwenye kitufe cha ukutani. Kikibonyezwa, nyaya hizo huungana kwa muda mfupi na mlango huanza kwenda. Kibao hufanya vivyo hivyo kwa kutumia rilei: hupokea amri kupitia Wi-Fi, huunganisha nyaya kwa nusu sekunde hivi, kisha huachia.

Tatizo linaanzia hapo. Kitufe ni kimoja: mlango ukiwa umefungwa kinafungua, ukiwa wazi kinafunga. Baba aliyeko kazini akidhani aliuacha wazi, akabonyeza ili aufunge, huenda ndiyo kwanza anawafungulia wezi. Ndiyo maana swichi ya sumaku, inayofungwa kwenye fremu na sumaku yake kwenye mlango, si pambo. Hiyo ndiyo inayoiambia simu kama mlango umefungwa kweli. Anayeiacha ili kuokoa fedha kidogo ni afadhali asianze kabisa.

Kuna na suala la umeme kukatika, ambalo kwa nyumba zetu si la kubahatisha. Umeme unaporudi, kibao huwaka upya, na baadhi ya pini zake hubadilika-badilika kwa muda mfupi kabla programu haijashika. Rilei ikiwa kwenye pini ya namna hiyo inaweza kulia "tik" na mlango ukafunguka wenyewe saa nane usiku watu wamelala. Kwenye ESP8266, pini za GPIO4 na GPIO5 ndizo tulivu. GPIO0, GPIO2 na GPIO15 ni za kuepuka. Kabla nyaya hazijaunganishwa kwenye mota, fundi achomoe na kuchomeka kibao mara kumi, huku mama au baba akisikiliza.

Lakini la mtoto ndilo zito zaidi. Mlango wa gari ni mzito, na mwenye simu aliye mbali haoni nani amesimama chini yake. Nchini Marekani watoto walikufa kwa kubanwa, na sheria ikabanwa pia: mota za nyumbani zilizotengenezwa kuanzia Januari 1, 1993 ni lazima ziwe na kinga ya ziada. Mara nyingi ni macho mawili ya mwanga yanayotazamana karibu na sakafu. Mtoto akikatiza, mlango unaoshuka hurudi juu. Kwa mlango unaofungwa na mtu aliye mbali, kanuni za huko zinataka pia taa na mlio kwa sekunde 5 kabla haujasogea. Kibao kinaweza kuongezewa king'ora kidogo kwa kazi hiyo, na mistari michache tu ya programu inatosha.

Macho hayo yakipata vumbi au utando wa buibui husumbua, na wapo mafundi wanaoyaruka kwa kuunganisha waya moja kwa moja. Fundi wa namna hiyo asilipwe.

Kipimo cha nyumbani kipo. Laza kipande cha ubao chenye unene wa sentimita 4 hivi pale mlango unapotua, kisha ufunge. Ukiugusa ubao na usirudi juu, simu isubiri. Mota irekebishwe kwanza. Na dada wa nyumbani aonyeshwe kamba au ufunguo wa kuachanisha mlango na mota, maana siku umeme usipokuwepo ni yeye atakayekuwa ndani na watoto.