Padi ya Pili Imekwenda Wapi?

Ziko habari ambazo huwapita viongozi wetu bila ya kutiwa maanani kwa sababu tu zimevaa nguo za kitoto. Miongoni mwazo ni habari za michezo ya kompyuta, ile ambayo vijana wa Mabawa, Ngamiani na Makorora huiita gemu kwa kifupi, na ambayo watu wazima wengi huiweka fungu moja na uzururaji. Safu hii inawataka radhi wale watakaoona kuwa mambo hayo si ya hadhi yake, kisha inawaomba wavumilie kusoma. Maana linalozungumzwa hapa ni nani anayekumbukwa na nani anayesahauliwa pale fundi aliye mbali anapokata kitambaa cha nguo tutakayoivaa sisi.

Tarehe 14 Desemba 2023 kampuni ya Naughty Dog ya Marekani, iliyo mali ya Sony, ilitangaza kwamba imeacha kabisa kutengeneza mchezo wa pamoja wa The Last of Us. Mchezo wa kwanza wenye jina hilo, uliotoka mwaka 2013, ulikuwa na sehemu ya kuchezwa na watu wengi kwa njia ya mtandao. Wa pili ulipokuwa jikoni, kampuni ilieleza, Septemba 2019, kuwa sehemu hiyo haitakuwamo, kwani imekua hata ikapita kimo cha kiambatisho. Ikaendelea kufanyiwa kazi peke yake kwa miaka mingine minne, ndipo ikakatwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa wazi: mchezo wa namna hiyo ukishatoka hauachiwi. Hudai kulishwa mambo mapya miaka nenda miaka rudi, na kampuni ingelazimika kuwapeleka mafundi wake huko na kuipa kisogo kazi ya michezo ya hadithi iliyoipatia jina.

Wapolandi nao yamewafika. Kampuni yao ya CD Projekt ilikuwa imewaahidi watu mchezo wa pamoja katika Cyberpunk 2077. Mchezo wenyewe ulitoka Desemba 2020 ukiwa na kasoro tele, na Machi 2021 kampuni ikatangaza kuwa inaupanga upya mwelekeo wake, na ule mpango mkubwa wa pamoja si kipaumbele tena. Aliyejenga nyumba ikavuja siku ya kuhamia, hawezi kuongeza ghorofa.

Si haki kuwalaumu mafundi hawa kwa kila wanachokipunguza. Kuna wakati kukata ni kuokoa. Mwaka 2012 ulitoka mchezo wa vita uitwao Spec Ops: The Line, uliosifiwa kwa hadithi yake nzito juu ya dhambi za askari. Wenye fedha walishikilia kwamba lazima uwe na sehemu ya kuchezwa na wengi, wakaipa kampuni nyingine kazi ya kuitengeneza. Baadaye kiongozi wa usanifu wa mchezo huo, Cory Davis, alisema hadharani kuwa sehemu ile haikustahili kuwapo. Anayepanga bajeti ya halmashauri atamwelewa bwana huyu mara moja: wangapi wameongezewa katika mradi jengo wasilolihitaji, kwa kuwa tu mfadhili alipenda lionekane katika picha?

Hata hivyo, neno hili “pamoja” lina maana mbili, na watengenezaji aghalabu huzichanganya. Kuna pamoja ya mtandaoni, ambapo kila mtu yuko kwake, ana mashine yake, ana nakala yake ya mchezo na kifurushi chake cha intaneti. Na kuna pamoja ya chumba kimoja: mashine moja, runinga moja, padi mbili au nne, na watu waliokaa bega kwa bega. Ya kwanza ikikatwa, kelele hujaa dunia nzima, kwa kuwa waliokatiwa wana sauti. Ya pili imekuwa ikikatwa kimyakimya kwa muda mrefu, na ndiyo inayotuhusu sisi wa pwani na wa visiwani.

Tena yafaa ikumbukwe kuwa michezo hii haikuzaliwa ya mtu mmoja. Mwaka 1958 mwanafizikia William Higinbotham, katika maabara ya Brookhaven nchini Marekani, aliunda mchezo wa tenisi wa kuchezwa na watu wawili kwenye kioo kidogo cha chombo cha kupimia umeme. Mwaka 1962 vijana wa chuo cha MIT walikamilisha Spacewar!, merikebu mbili za angani zinazowindana, nayo ilihitaji watu wawili. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ilitoa Pong, mashine iliyowekwa katika mabaa na kumeza sarafu, na haikuwa na njia yoyote ya kuchezwa na mtu akiwa peke yake. Mwanzo wa mambo, basi, ulikuwa kama bao letu: mashimo 32, kete 64, na mtu mbele yako. Hakuna acheзaye bao peke yake ila anayejifunza.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha mchezo wa Halo. Ulipotoka Novemba 2001 kwa mashine ya Xbox ya Microsoft, watu wawili waliweza kuicheza hadithi yake yote mwanzo hadi mwisho kwenye runinga moja, kioo kikigawanywa nusu kwa nusu. Desturi hiyo ikadumu katika matoleo makuu yaliyofuata, na vijana wengi wa Ulaya na Marekani wakakua nayo, ndugu na ndugu, jirani na jirani. Oktoba 2015 ikatoka Halo 5, na ndani yake kioo cha kugawanya hakikuwamo kabisa. Kampuni ya 343 Industries, iliyokuwa imerithi kazi hiyo, ilikuwa imejiwekea shabaha ya picha 60 kila sekunde. Sasa, mashine inayoonyesha macho ya mchezaji mmoja huichora dunia yake mara moja. Wakiwa wawili, huichora mara mbili kwa wakati ule ule, na wakitengana, mmoja mlimani na mwingine bondeni, lazima izihifadhi sehemu zote mbili kichwani. Palipo na nguvu haba, mmoja huondoshwa. Akaondoshwa mgeni, mwenye mashine akabaki.

Malalamiko yalikuwa makubwa hata mkuu wa kampuni, Bonnie Ross, akasimama mbele ya mkutano wa wataalamu mwezi Februari 2017, akakiri kuwa uamuzi ule uliwaumiza watu, na akaahidi kwamba kila Halo ya namna hiyo itakayokuja itakuwa na kioo cha kugawanya. Ahadi ni deni. Desemba 2021 ikatoka Halo Infinite. Katika mapambano ya timu, kioo kiligawanyika kama ilivyoahidiwa; katika hadithi, watu wakaambiwa wasubiri. Wakasubiri hadi Septemba 2022, walipotangaziwa kuwa kazi hiyo imefutwa, na nguvu kazi imehamishiwa kwingine. Kuicheza hadithi pamoja kwa mtandao kulikuja Novemba mwaka huo huo. Kuicheza chumbani hakukuja. Na la ajabu ni kwamba wachezaji wenyewe, kwa kubonyeza huku na huku katika orodha za mchezo, waligundua njia ya panya ya kuifungua sehemu ile ile iliyofutwa, nayo ikachezeka. Chumba kilikuwa kimekwisha jengwa. Kilichokosekana ni mtu wa kupaka rangi na kukabidhi funguo. Watumishi wa umma wanaosoma haya watajua ni majengo mangapi nchini yaliyo katika hali hiyo.

Msomaji wa Chumbageni au wa Chake Chake atauliza yote hayo yanamhusu nini, ilhali hana Xbox. Na apite katika kibanda cha gemu kilicho karibu naye. Atakuta chumba kimoja cha uwani au kontena, feni, runinga moja au mbili, mashine za PlayStation zilizokuja kwa mtumba, na padi zilizozungushiwa utepe kwa kuchoka. Vijana hulipa kwa mechi. Anayefungwa huinuka, anayefuata hukaa. Hapo pana mshindi na mshindwa, pana waamuzi sita wasiolipwa, pana matani, pana adabu ya foleni. Ni baraza ya keram na dhumna iliyotiwa umeme. Mashine moja huhudumia watoto wa mtaa mzima, kwa sababu tu mtengenezaji aliacha nafasi ya padi ya pili. Michezo ya mpira wa miguu ndiyo iliyobaki na ustaarabu huo, na ndiyo maana vibanda karibu vyote huchezesha mpira. Wala si kwamba vijana wetu hawana hamu ya kitu kingine.

Wako watakaosema: ikikosekana ya chumbani, ichezwe ya mtandaoni. Maneno hayo ni mepesi mdomoni. Tangu PlayStation 4 ilipotoka mwaka 2013, kucheza michezo mingi kwa mtandao kunataka malipo ya uanachama juu ya bei ya mchezo. Tena uanachama wenyewe haukupangwa kwa ajili yetu. Mei 2024 Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 wanaotumia kompyuta wafungue akaunti katika mtandao wake, ilidhihirika kuwa huduma ya akaunti hizo haikuwapo rasmi katika nchi zaidi ya 170, zikiwamo nyingi za Afrika, na mchezo ukaondolewa sokoni katika nchi hizo. Sharti lilifutwa baada ya siku chache za ghadhabu, lakini ramani ilikuwa imekwisha onekana, nasi tuko nje yake. Mwezi huo huo, tarehe 12, nyaya za EASSy na Seacom zipitazo chini ya bahari zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Benki, ofisi na simu za watu zikazorota. Siku hizo, katika kibanda chenye padi mbili na umeme, mechi ziliendelea.

Kwa wakazi wa visiwani jambo hili lina uzito wa ziada. Kijana wa Wete au wa Kilindoni anategemea mawasiliano ambayo pepo na mawimbi yanaweza kuyachelewesha, na anayamudu kwa kifurushi kidogo kinachokwisha kabla ya wiki. Mchezo unaomtaka awe na mtandao kila anapokaa umemfungia mlango, hata kama ameununua kwa fedha yake halali. Na mlango wa mtandaoni hufungwa hata kwa matajiri: Agosti 23 mwaka 2024 Sony hiyo hiyo ilitoa mchezo wa pamoja uitwao Concord, na Septemba 6 ikauzima. Wanunuzi walirejeshewa fedha, lakini mchezo wenyewe haukuchezeka tena, kwa kuwa roho yake ilikuwa katika seva za mwenyewe.

Nionavyo mimi, sababu ya nguvu ya mashine ni ya kweli, lakini haijitoshelezi. Padi ya pili haimletei mwenye kampuni mnunuzi wa pili. Watu wanne waliokaa katika mkeka mmoja wamenunua nakala moja. Watu wanne waliotawanyika wamenunua nne. Muda unapokuwa mfupi na lazima kitu kiachwe, kinachoachwa kwanza ni kile kisicholipa. Ila si kweli kuwa hakilipi daima. Studio ndogo ya Hazelight ya Sweden, ikiongozwa na Josef Fares, mzaliwa wa Lebanoni, ilitoa Machi 2021 mchezo wa It Takes Two, ambao haukubali kabisa kuchezwa na mtu mmoja. Ulitunukiwa zawadi ya mchezo bora wa mwaka huo katika The Game Awards, na nakala zaidi ya milioni 20 zimeuzwa.

Yako mambo ambayo wenye mamlaka wetu wanayamudu bila ya kuingia Marekani. Vibanda vya gemu husakwa kila inapolalamikwa kuwa wanafunzi wametoroka shule, na malalamiko hayo si ya uongo. Dawa yake ni saa za kufungua, zibandikwe mlangoni na zisimamiwe na serikali ya mtaa. Kukifunga kibanda ni kuwatupa vijana katika vyumba vya kubeti, ambako hakuna hata mmoja anayemfundisha mwenzake kukubali kufungwa. Hali kadhalika, Tume ya Sayansi na Teknolojia na vyuo vyetu wanapowalea vijana watunzi wa programu, wawashawishi kutengeneza michezo ya simu moja inayopokezanwa, au ya simu mbili zinazozungumza zenyewe kwa Bluetooth pasipo kifurushi.

Na programu za kufundishia zinazonunuliwa kwa ajili ya shule zetu zina ugonjwa ule ule. Nyingi zimetungwa zikimdhania mtoto mmoja, kompyuta moja na akaunti moja, ilhali darasani kwetu watoto watatu hukizunguka kioo kimoja. Mmoja hushika kipanya, wawili hutazama. Halmashauri inayotaka kuanza mahali inaweza kuanza na swali dogo la kumwuliza mzabuni kabla ya kumlipa: watoto wangapi wanaweza kuitumia mashine hii kwa wakati mmoja, na mtandao ukiwa umekatika?