Baridi inayotokana na sauti, sauti inayotokana na moto

Wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 katika Kivu Kaskazini na Ituri, chanjo ilihifadhiwa kwenye baridi ya digrii 60 hadi 80 chini ya sifuri, na watu zaidi ya 300.000 waliipata. Lakini chanjo za kawaida za watoto, zinazohitaji digrii 2 hadi 8 tu, bado zinasumbua vituo vya afya vijijini. Frigo ya petroli, utambi wake ukichafuka, baridi inakwenda.

Kuna watafiti wanaojaribu njia nyingine: kupata baridi kwa sauti, na sauti yenyewe kwa moto.

Si uchawi. Anayejaza upepo kwenye tairi la baiskeli anajua kwamba pompi inapata joto. Hewa ikibanwa inapata joto, ikiachiliwa inapoa, na sauti ni hewa inayobanwa na kuachiliwa mara nyingi kwa sekunde moja. Tukiongea, joto hilo ni dogo mno. Ndani ya bomba la chuma lililojazwa heliamu iliyoshindiliwa, mambo yanabadilika. Humo kunawekwa kipande chenye matundu membamba. Upande mmoja unachomwa, mwingine unapozwa kwa maji. Tofauti ikiwa kubwa, gesi inaanza kulia yenyewe, kwa nguvu. Sauti hiyo inafika kwenye kipande cha pili, ambako gesi inahamisha joto kidogo kidogo, kama watu wanaopokezana ndoo, mpaka upande mmoja unabaki baridi.

Mwaka 1992 frigo ya sauti, iliyoendeshwa kwa umeme, ilirushwa angani na chombo cha Marekani, Discovery. Mwaka 1999 Scott Backhaus na Greg Swift wa Los Alamos walitangaza injini ya sauti iliyogeuza 30% ya joto kuwa kazi, bila pistoni hata moja. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, kilianza mradi wa jiko la kuni linalopika, kutoa umeme na kupoza, kwa ajili ya vijiji vya Afrika na Asia.

Kwa wauza sambaza wa Kivu na ndagala wa Uvira, jiko la namna hiyo lingebadili biashara. Ila bomba linalobeba mgandamizo huo linahitaji uchomeleaji wa hali ya juu, heliamu huponyoka kwenye tundu dogo sana, na moto wa kuni haukai sawa. Halafu kuna swali la makala: miti ya Virunga tayari inakatwa kwa kupikia tu.