Bibi Aliyezijua Nyota Kama Mchungaji Ajuavyo Mbuzi Wake

Huko Lokiriama, magharibi ya Lodwar karibu na mpaka wa Uganda, mchungaji hodari humjua kila mbuzi wake kwa rangi na pembe zake. Mbuzi mgeni akiingia zizini, humtambua mara moja. Kwa ujuzi wa namna hiyo Bibi Caroline Herschel alijipatia sifa kubwa katika elimu ya nyota.

Bibi huyo alizaliwa Hannover, Ujerumani, tarehe 16 Machi, 1750. Alipokuwa na miaka kumi aliugua homa kali. Akapona, lakini kimo chake hakikuzidi futi nne na inchi tatu. Mama yake hakutaka asome, bali afanye kazi za nyumbani tu. Mwaka 1772 kaka yake, William, alimchukua wakakae pamoja Bath, Uingereza. William alikuwa mpiga muziki, lakini usiku alitazama nyota kwa darubini alizozitengeneza mwenyewe, na mwaka 1781 aliivumbua sayari ya Uranus. Caroline alijifunza hesabu kwake, akawa msaidizi na karani wake.

Baadaye kaka yake alimpa darubini ndogo atafute nyota zenye mkia. Nyota ya namna hiyo, ikiwa bado mbali, haionyeshi mkia. Huonekana kama doa la ukungu. Lakini mbinguni yako madoa mengi ya ukungu yasiyohama. Basi ilimpasa kuyajua yote yaliyo ya siku zote, ndipo aweze kumtambua mgeni. Usiku mmoja wa theluji, mwisho wa mwaka 1783, aliteleza na kulabu ya chuma ikamjeruhi vibaya mguuni. Hakuiacha kazi.

Tarehe 1 Agosti, 1786, William akiwa safarini, Caroline aliona doa asilolijua. Usiku wa pili lilikuwa limesogea. Palepale aliwaandikia wataalamu barua. Hata kufika mwaka 1797 alikuwa amevumbua nyota zenye mkia nane.

Mwaka 1787 Mfalme George wa Tatu alianza kumlipa pauni 50 kwa mwaka. Hizo zilikuwa fedha za kwanza maishani mwake alizojiona ana ruhusa ya kuzitumia apendavyo. Mwaka 1828 Chama cha Elimu ya Nyota cha London kilimpa nishani ya dhahabu, na hakuna mwanamke mwingine aliyeipata mpaka mwaka 1996. Alifariki tarehe 9 Januari, 1848, akiwa na miaka 97.

Mojawapo ya nyota zake, aliyoiona Desemba 1788, ilirudi mwaka 1939, nayo yatazamiwa tena mwaka 2092. Jina la Herschel lingali juu yake. Basi, msomaji, ukiwa na binti apendaye kuuliza habari za mbingu, usimnyime kitabu kwa sababu tu kuna vyombo vya kuoshwa.