Penseli Nani Kaiiba?

*Mnagombana ndani kwa sababu ya Diamond na Ali Kiba? Wenzenu wanaingiza hela, nyie mnaingia hasara.*

Mwishoni mwa Desemba 2019 nilimpeleka mama watoto kwao Mwandiga tukasalimie wazee na kufunga mwaka. Ukitoka Kigoma mjini, Mwandiga ndiyo ile njia panda: huku unakwenda Kasulu, kule unakwenda Manyovu, mpakani na Burundi. Na sisi tulifika pale tukiwa njia panda kwelikweli. Tangu tulipopanda hiace mjini hakuna aliyemsemesha mwenzake.

Sababu? Penseli.

Ngoja nikukumbushe, maana dunia ya mastaa inasahau haraka. Mwaka huohuo Diamond Platnumz alimkaribisha Ali Kiba hadharani aje kupiga shoo kwenye tamasha lake la Wasafi. Kiba akajibu mtandaoni kwamba asiletewe mambo ya kuibiwa penseli, halafu mwizi huyohuyo anakusaidia kuitafuta. Kha! Nchi nzima ikaacha kazi. Maofisini, saluni, vijiweni, kila mtu akawa mpelelezi wa penseli. Magazeti ya udaku yaliyotulea yangelipata lile, wangechapa toleo la jioni.

Kwangu, mama watoto ni Team Kiba wa damu. Huyu alianza na "Cinderella" tangu 2007, humwambii kitu. Julai 2018 Kiba aliposajiliwa na Coastal Union ya Tanga, timu ya Ligi Kuu, mwenzangu ambaye hajui hata kuotea ni nini alianza kuniuliza ratiba ya ligi. Mimi ni Team Diamond. Nikamcheka, tena vibaya: "Mchezaji gani anakwenda mazoezini na kipaza sauti?" Akanuna siku mbili.

Wote ni wa hapahapa

Kichekesho ni kwamba wote wawili, ukifuata ukoo, wanakuleta Kigoma. Mama yake Diamond ni wa huku. Wazazi wa Kiba nao ni wa huku. Mwaka 2012, Zitto Kabwe, mtoto wa Mwandiga ambaye wakati huo alikuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, aliwakusanya wasanii wenye asili ya mkoa huu wakaitwa Kigoma All Stars, wakatoa "Leka Dutigite". Ni Kiha hicho: acha tujidai. Diamond alikuwemo, na Baba Levo pia.

Sasa angalia vituko vya dunia. Baba Levo baadaye akawa mtangazaji Wasafi, akajitangaza mwenyewe, bila aibu, kuwa chawa wa Diamond. Mwaka 2025 akasimama kugombea ubunge wa Kigoma Mjini kwa tiketi ya CCM. Mpinzani wake? Zitto huyohuyo. Waliojidai pamoja wakawa wanajidai kila mtu na jukwaa lake.

Ndiyo maana nasema, ndugu msomaji, hawa watu usiwaingilie. Staa akimrushia mwenzake neno leo, kesho wimbo unasikilizwa zaidi, redio zinapata mjadala, kinywaji kinauzwa, uwanja unajaa. Ugomvi wao ni duka. Ugomvi wenu wa chumbani nani anaukatia tiketi?

Tuje kwenye hiace

Mwisho wa mwaka ule Diamond alikuwa anatimiza miaka kumi ya muziki, na sherehe akaileta Uwanja wa Lake Tanganyika, tena akaja kwa treni kutoka Dar na kundi lake lote. Mimi ningekosaje? Nikanunua viingilio viwili, vile vya kukaa mbele.

Hela nilitoa wapi? Kwenye kibubu. Kile kibubu tulichokuwa tunaweka mimi na yeye, cha kununua mabati ya jiko la mama mkwe. Na mama watoto alipokishika akaona ni chepesi, mimi ndiye niliyeinama uvunguni nikamsaidia kutafuta. Niliinua hadi godoro.

Aligundua mjini Kigoma, alipoona tiketi mfukoni mwa shati langu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Penseli yangu hiyo," akapanda hiace.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona mmeninunia, njiani mmepata msiba?"

Nikarukia upande wa mastaa. Nikaeleza habari ya Diamond na Kiba kwa kirefu, nani kaanza, nani kajibu. Mama akasikiliza huku anageuza migebuka kwenye mawese. Nilipomaliza akasema: "Hao watoto wa nyumbani, watapatana wenyewe. Huwezi kuchoma nyumba yako uwamulikie wao." Kisha akatazama juu, kwenye nyasi za jiko lake. "Mkwe wangu, mabati niliyoambiwa yamefikia wapi?"

Nilisema kweli yote pale pale, mbele ya sufuria. Mama watoto alinitazama kwa mara ya kwanza tangu mjini.

Shoo tulikwenda, maana tiketi hairudishwi. Team Kiba wangu aliimba kila wimbo wa Diamond, mwanzo mwisho. Njiani kurudi akanipa masharti: kibubu kinahamia kwake, na mabati nalipa mimi peke yangu. Yalipanda Juni.

Basi, ukiona mjadala wa mastaa umewafanya mlale mzungu wa nne, usiulize nani kamkosea nani mtandaoni. Uliza humo ndani penseli ya nani imepotea. Na kama ni wewe uliyeichukua, usisaidie kuitafuta. Itoe.