Joram Kiango bado anavuka mpaka

Ukitaka kuzusha ubishi miongoni mwa wafanyabiashara wa Manyovu na Mugina, usiulize bei ya mawese wala thamani ya faranga. Taja jina la Joram Kiango. Nimefanya hivyo mara kadhaa nikisubiri gari lijae, na kila mara nimepata wa kumtetea na wa kumponda.

Kwa msomaji asiyemfahamu, Joram ni mpelelezi wa kujitegemea aliyebuniwa na Ben Mtobwa. Visa vyake vilipata wasomaji tangu miaka ya 1980, katika vitabu kama Salamu Kutoka Kuzimu na Tutarudi na Roho Zetu? Pembeni yake yupo Nuru, mrembo mwenye akili, na Inspekta Kombora wa polisi. Mtobwa alifariki dunia mwaka 2008.

Wengi hawajui kwamba mwandishi huyo alizaliwa Kasulu mwaka 1958. Ni jirani yetu kabisa, maana Kiha na Kirundi husikilizana bila mkalimani. Ni Kasulu hiyohiyo iliyokuja kuwa na kambi za Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu, ambako Warundi wengi waliishi miaka nenda rudi.

Waliorejea kutoka huko ndio wapenzi wake wakubwa. Kijana mmoja wa Makamba ameniambia kwamba kambini kitabu kimoja kilisomwa na nyumba nzima, kisha nyumba ya jirani, hadi jalada likaisha. Kurasa za mwisho zikipotea, aliyewahi kuzisoma aliwasimulia wenzake. Anasema Kiswahili chake cha kuandika barua alikipata humo. Aliporudi nyumbani alichekwa kwa lugha hiyo, akaambiwa anaongea kama mgeni. Leo ndiyo inayomlisha, kwani anauza na kununua pande zote mbili.

Wafanyabiashara wazee wana lawama yao. Joram, wanasema, hajawahi kupanga foleni ya forodha. Anapita nchi za watu kama anapita uani kwake, wakati mwenye magunia mawili ya dagaa analala mpakani akingoja muhuri. Hata hivyo mzee aliyetoa lawama hiyo alikuwa amemsoma zaidi ya wote. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba Willy Gamba wa Elvis Musiba ni mtu wa serikali, lakini Joram hana bosi. Anajitafutia, kama wao.

Akina mama hawakubaliani sana na sifa hizo. Mama mmoja muuza vitenge analalamika kwamba katika riwaya hizi mwanamke lazima kwanza awe mzuri wa kupindukia, ndipo apewe kazi ya kufanya. Anaona Nuru alistahili kitabu chake mwenyewe. Binafsi naunga mkono hoja hiyo.

Vijana wa simu nao wanasoma vipande vinavyorushwa mtandaoni. Wanafurahia kwamba ni bure. Sijui wangefurahi kiasi gani kama wangekuwa wao wanaouza na mteja akaondoka na mzigo bila kulipa.

Lakini maoni yaliyonikaa moyoni ni ya baba mmoja wa Rumonge, aliyekimbia akiwa mtoto mwaka 1972. Yeye aliacha kusoma riwaya za upelelezi. Sababu yake ni kwamba humo kila maiti ana jina, na kabla ya ukurasa wa mwisho muuaji wake hujulikana. Ndugu zake hawakupata mpelelezi. Kwake vitabu hivyo ni uongo mtamu.

Nimelifikiria sana neno hilo. Ni kweli, kwetu maswali yamechelewa mno. Mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya halaiki huko Karusi na kukuta mabaki ya maelfu ya watu, karibu nusu karne baada ya mauaji ya 1972. Hakuna Joram aliyewahi kufika pale mapema.

Hata hivyo sikubaliani na mzee wangu kwamba tuviache. Mtoto anayekua akisoma kwamba kifo cha mtu hakiwezi kupita hivihivi, kwamba lazima aulizwe nani, lini na kwa nini, amejifunza jambo ambalo wakubwa wake walikatazwa hata kulinong'ona. Riwaya haileti haki, ila inamzoesha msomaji kuidai.

Basi wewe unayevuka Manyovu wiki hii kufuata mzigo, ukipita Kasulu ulizia vitabu vya mtoto wao. Nunua kimoja, tena kilicho halali. Ukimaliza mpe jirani, na uhakikishe kurasa za mwisho zimo.