Kinywa cha Mgonjwa Wakati wa Dawa Kali

Leo tunazungumza juu ya kinywa cha mgonjwa anayetibiwa saratani kwa dawa kali, na cha mgonjwa anayepandikizwa uboho. Wengi hudhani meno ni jambo la kungoja mpaka ugonjwa mkubwa upone. Sivyo. Kwa mgonjwa huyu, kinywa ni mlango ambao viini hupitia kuingia kwenye damu.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Kisii na Nyamira. Mtoto wa Keroka au Ogembo akipatikana na saratani ya damu, huenda akatumwa Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, au Nairobi, katika Hospitali ya Kenyatta. Akishapewa dawa, mara nyingi huruhusiwa kurudi nyumbani kungoja awamu nyingine. Ni katika siku hizo za kungoja, akiwa mikononi mwako wewe mama, ndipo kinywa huanza kuuma.

Kwanza tuelewe uboho ni nini. Uboho ni ule ute ulio ndani ya mifupa. Ndicho kiwanda cha damu. Ndani yake kuna seli shina, ambazo ni kama mbegu: kutoka kwazo huota seli zote za damu. Katika upandikizaji, mgonjwa hupewa dawa kali sana za kuondoa uboho wenye ugonjwa, kisha huingiziwa seli shina nzima kupitia mshipa, kama vile mtu anavyoongezwa damu. Mbegu hizo huchukua kati ya wiki 2 na 4 kabla ya kuanza kutoa damu ya kutosha. Kwa miaka mingi familia nyingi za Kenya zimesafiri hadi India kwa matibabu haya. Majirani zetu wa Tanzania walianza katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2021, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kuwapandikiza watoto wenye selimundu.

Sasa, viini vinatoka wapi? Mama, havitoki mbali. Katika kinywa cha kila mtu, hata aliye mzima, huishi mamia ya aina za bakteria. Wako juu ya meno, kwenye ulimi na kando ya ufizi. Siku za kawaida hawatudhuru sana kwa sababu tuna walinzi watatu. Wa kwanza ni ngozi laini ya ndani ya kinywa, ambayo ni kama ukuta. Wa pili ni mate, ambayo husafisha kinywa mchana na usiku. Wa tatu ni chembe nyeupe za damu, askari wa mwili.

Dawa kali huwaangusha walinzi hawa wote kwa wakati mmoja. Dawa hizi hushambulia seli zinazokua haraka, kwa kuwa saratani hukua haraka. Lakini ngozi ya kinywa pia hujijenga upya haraka, kwa hivyo nayo huumia. Takribani siku 5 hadi 10 baada ya dawa, vidonda hutokea. Mate hupungua, na askari hupungua pia. Basi bakteria wale wale waliokuwa wametulia, kama wale waitwao streptokoki, hupenya kwenye vidonda na kuingia katika damu. Damu ikishachafuka hivyo, mgonjwa anaweza kufariki kwa muda mfupi, hata kama saratani yenyewe ilikuwa inapona.

Je, wewe mlezi unaweza kufanya nini?

Kabla ya dawa kuanza, mwombe daktari mgonjwa aonwe na daktari wa meno. Jino lililooza au ufizi wenye usaha ni ghala la viini. Jino likihitaji kung'olewa, ni vizuri ling'olewe siku 10 hadi wiki 2 kabla ya dawa, ili kidonda kipate kufunga. Wakati mwingine saratani haiwezi kungoja, na hapo madaktari wataamua pamoja. Lakini mgonjwa akishaanza dawa, usikubali ang'olewe jino popote bila daktari wake wa saratani kujua. Na fundi wa kijijini asimguse kabisa mtoto huyu, si meno wala kimio.

Wakati wa dawa, fuata mambo haya kila siku:

1. Mswaki laini, mara mbili kwa siku, pamoja na dawa ya meno. Uwe wake peke yake. Baada ya kuutumia, usuuze na uuache ukauke mahali safi, mbali na choo.

2. Kusukutua kwa maji ya chumvi mara 4 hadi 6 kwa siku, hasa baada ya kula. Chemsha maji lita 1, yaache yapoe, kisha utie kijiko 1 kidogo cha chumvi. Tengeneza mapya kila siku. Asukutue na kutema, asimeze.

3. Mtoto mdogo asiyejua kutema, nawa mikono kwa sabuni, funga kitambaa safi laini kwenye kidole, chovya katika maji hayo ya chumvi na umpanguse ufizi, ulimi na mashavu kwa ndani.

4. Usitumie dawa ya kusukutua iliyo na pombe. Huchoma na kukausha kinywa.

5. Usipake mkaa, ugoro, majivu wala majani ya porini juu ya vidonda. Ukuta ulioharibika hauhitaji uchafu zaidi.

Mama atauliza, "Mtoto akilia kwa uchungu, si afadhali niache kumsugua?" Uchungu ni wa kweli, na mwambie daktari ili apewe dawa ya kuutuliza kabla ya kusafishwa. Lakini usiache. Ikiwa mswaki unaleta damu nyingi, tumia kitambaa laini kwa muda, kisha uulize hospitali, kwa maana huenda chembe za kugandisha damu zimepungua.

Wengine waliolazwa kwa upandikizaji hupewa vipande vya barafu wavinyonye wakati dawa iitwayo melfalani inapoingia mwilini. Baridi hufinya mishipa ya kinywa, na dawa kidogo tu ndiyo hufika hapo. Hili ni jambo la kufanywa hospitalini kwa maelekezo. Ukiliona, usishangae.

Kuhusu chakula, mpe kilicho laini na kisicho moto sana: uji wa wimbi uliopoa, ndizi za kupondwa, viazi, mayai yaliyoiva vizuri, maziwa yaliyochemshwa. Mahindi ya kuchoma na miwa hukwaruza kinywa. Pilipili, ndimu na chai ya moto huchoma. Chinsaga na managu si vibaya, mradi ziive na kulainika. Peremende na soda zilishe nani? Ni bakteria ndio hushiba. Mpe maji safi, kidogo kidogo, mara nyingi.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane, ukiona dalili hizi:

Joto la mwili limefika nyuzi 38 au zaidi. Mgonjwa anatetemeka kwa baridi. Hawezi kumeza hata maji au mate. Kinywa kinatoka damu isiyokoma. Kuna utando mweupe unaoenea ulimini na kooni.

Usimpe dawa ya kushusha homa ukangoja asubuhi. Homa ikishuka, hatari haijaondoka, imejificha tu. Ukifika hospitalini, usikae kwenye foleni. Mwonyeshe muuguzi kadi ya matibabu na useme, "Huyu anatumia dawa za saratani na ana joto." Mgonjwa wa namna hii anapaswa kupata dawa ya kuua bakteria kupitia mshipa ndani ya saa 1. Kwa hivyo usiende kwanza Eldoret au Nairobi. Anza na hospitali kubwa iliyo karibu, iwe Kisii au Nyamira, na wao watazungumza na wenzao. Nunua kipimajoto mapema, weka kando nauli, na uelewane na mwenye gari au bodaboda ambaye ataamka ukimpigia.

Vidonda hivi havidumu milele. Chembe nyeupe zikirudi, kinywa hupona, mara nyingi ndani ya wiki 2 au 3. Kazi yako ni kuulinda mlango huo mpaka askari warudi. Maji, chumvi, kitambaa safi na mkono wako, mama, ni sehemu ya matibabu.

Mwambie na jirani yako aliye na mgonjwa.